Waya Pahali pa Fyuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Atelie, karakana ya reli hapa Kalemie, hakunipa hata bisibisi. Alinipeleka mbele ya gari moja lililoungua, akasema: "Chungulia ndani. Umeme wa batri ya gari hauui muntu kwa kumugusa. Unamuua hivi." Nilikuwa kijana, nikadhani ananitisha tu.

Pale reli nilijifunza dinamo na sitata, mota ya kuwasha injini. Kisha nikahamishiwa Manono, kwa magari ya mugodi, na nilipokuwa muntu muzima nikarudi Kalemie, kwenye garaji ya hospitali moja. Huko njo nilianza kuweka batri ya pili ndani ya ambulansi. Ya kwanza inawasha injini. Ya pili inalisha mashine ya oksijeni njiani. Kati yao tunafunga rele, swichi inayotenganisha batri hizo injini ikizimwa, ili mashine isimalize nguvu ya kuwasha gari. Batri ya pili unaikaza kwa mukanda wa chuma isitikisike. Karibu kabisa na upande wake wa chanya unaweka fyuzi: waya ukigusa bodi, fyuzi inakatika kabla waya haujashika moto. Na kila pahali waya unapopita kwenye tundu la bodi, unauvalisha mupira.

Shofere wetu alikuwa Amisi, mwenyeji wa Zongwe, muntu wa kucheka sana. Alipenda kukaa karibu nikifunga waya, akiniita Papa kama vijana wote wa garaji.

"Papa, na ikikatika katikati ya pori?"

"Unatafuta pahali waya umeumia, unatengeneza, unaweka fyuzi ingine."

"Na kama sina muda?"

"Huna muda, lakini fyuzi haiwekewi waya badala yake. Gari itaungua."

Masika moja alitumwa Nyunzu kuchukua mutoto wa kike mwenye homa ya mapafu. Wakati wa kurudi, barabara ilikuwa mashimo matupu. Mupira mumoja ulichomoka, waya ukaanza kusuguana na bodi, fyuzi ikakatika. Akaweka ya akiba; nayo ikakatika. Muuguzi aliyekuwa naye alinieleza yote: mashine ilinyamaza, midomo ya mutoto ikageuka rangi. Amisi alitafuta waya ulipoumia, hakupaona. Akakata kipande cha waya, akakifunga pahali pa fyuzi. Mashine ikaanza tena.

Walikwenda hivyo polepole mpaka karibu na kuingia muji. Hapo moshi ukatoka chini ya kiti.

Amisi alimutoa mutoto na mama yake. Mulango wa upande wa muuguzi ulikuwa umekwama, akarudi kumuvuta. Muuguzi alitoka. Batri ikapasuka Amisi akiwa bado ndani.

Nilimukuta hospitalini, bandeji mpaka shingoni.

"Papa, niliweka waya."

"Najua, mwanangu."

"Mutoto?"

"Anapumua."

Akafunga macho. Juma halikwisha, tukamuzika.

Shefu wa Garaji alikusanya mashofere wote. "Atakayeweka waya pahali pa fyuzi, kazi yake imekwisha hapa," alisema. Alisema haki. Mimi nikairudia amri hiyo kwa kila shofere mupya mpaka siku ya pansio yangu, nilipoacha kazi.

Kwenye matanga, Mama Feza, mujane wake, aliniita pembeni.

"Papa, alijua gari inaweza kuungua?"

Nilitamani kumuambia hapana. "Alijua, Mama. Nilimufundisha mimi mwenyewe."

Alikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Basi alituwaza," akasema. "Mimi na watoto. Alituwaza, halafu akaufunga ule waya."

Sasa niko nyumbani, macho yamechoka, na vijana wa magaraji bado wanakuja kuniuliza unene wa waya na aina ya rele. Nawajibu yote. Wengine wananiuliza kama Amisi alikosa. Hao nawaonyesha fyuzi inapokaa, karibu na batri, halafu nawaambia mutoto yule alifika hospitalini akipumua.