Tumbili wa Kaka Shomari

Kila nikisikia harufu ya kashata za nazi zikipoa kwenye sinia, kwanza mate hunijaa, kisha moyo huniuma. Nivumilie, msomaji. Niliwahi kumnyima chakula mnyama aliyekuwa akinililia, na aliyekuwa akipenda kashata kuliko kitu chochote.

Tulikaa kisiwani Juani, nami nilikuwa na miaka tisa hivi. Kaka yangu Shomari alimlea tumbili tangu akienea kiganjani. Alimwita Karani, kwa kuwa alipenda kuchutama barazani akiwatazama wapita njia kana kwamba anawaandika. Vita vilipoanza, Wajerumani walipita vijijini wakikusanya vijana wa kwenda kubeba mizigo bara. Shomari alichukuliwa akiwa shambani, hata shati hakurudi kuvaa. Alipopitishwa mbele ya nyumba yetu alisema, "Mwanaidi, nitunzie Karani. Asilale njaa."

Haikuchukua muda mrefu Waingereza wakakishika kisiwa, bara ikabaki kwa Wajerumani. Barua haikuvuka, wala mtu. Hatukujua kama yu hai.

Basi nikamlisha Karani. Nilimfunga kamba fupi kiunoni kwenye nguzo ya baraza, nikiogopa asije akatoroka kabla ya mwenyewe kurudi. Nilimpa muhogo, ndizi, wali, na kashata nikizipata. Kila uvumi mbaya ulipotufikia, nilimwongezea. Ulipotimia mwaka, tumbo lilikuwa likiburuzika sakafuni, na wageni walicheka wakisema karani amepandishwa cheo, sasa ni liwali. Nami nilicheka. Kisha akaanza kujing'oa manyoya ya mkono mpaka ngozi ikawa nyekundu. Siku moja nikamfungua apande mkorosho. Alipanda kidogo tu, akaanguka, akalala ubavu akihema.

Nilimbeba mpaka kwa jirani yetu Bi Tatu, aliyefuga paka na mbuzi, nikilia njia nzima.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Mnamlisha nini huyu?"

Nikamtajia. Alimpapasa mbavu, akazitafuta asizione.

"Mnamuua, mwanangu. Mpunguzieni nusu, na hicho kidogo asikipate bila kukihangaikia. Huyu kaumbwa ashinde akitafuta. Kwenu hana kazi ila kula na kujinyonyoa."

Nilitandaza kamba ndefu toka barazani hadi kwenye mkorosho, nikamfunga kwa kitanzi kinachoteleza juu yake ili aweze kwenda na kurudi. Njugu nilizificha ndani ya makumbi ya nazi, nikayafunga kwa ukindu. Vipande vya muhogo nilivitia kwenye dema bovu la baba, mtego wake wa samaki, ili avitoe kwa kupenyeza mkono. Siku za mwanzo hakugusa kitu. Alikaa akilia, kanyoosha kiganja, macho kwangu. Niliziba masikio kwa ncha za kanga, maneno ya Shomari yakinirudia, nikiamini kwamba nikimpa nitamuua na nisipompa nitamuua.

Wiki zikapita, tumbo halikupungua. Ndipo nilipomkuta mama nyuma ya jiko na bakuli la wali wa nazi, anamlisha Karani tonge moja moja, kama alishwavyo mtoto.

"Mama, atakufa."

"Kaka yako hatujui anakula nini huko," alisema bila kunitazama. "Na huyu niliyenaye hapa nimwache ashinde njaa?"

Nilimnyang'anya bakuli. Mimi, mtoto, nilimnyang'anya mama yangu. Wali ukamwagika mchangani na kuku wakaukimbilia. Hakunipiga. Aliketi chini, akaitazama mikono yake. Hakumlisha tena.

Karani alipona. Manyoya yaliota, makumbi akawa anayachambua kwa meno, na kutoka kileleni mwa mkorosho aliwatupia kuku mabibo. Nilijivuna sana.

Vita vilipokwisha alikuja mtu wa Chole, kisiwa cha jirani, aliyebeba mizigo pamoja na Shomari. Alikaa barazani na baba, akizungusha kofia yake mikononi.

"Alikufa kwa maradhi?" baba aliuliza.

"Kwa njaa, mzee. Mwishoni tulikuwa tukichemsha ngozi."

Mama alitoka ndani. Aliuliza neno moja tu, "Alizikwa?" Yule mtu aliposema kwamba walimzika wao wenyewe, alirudi ndani akafunga mlango.

Siku ile sikulikumbuka bakuli. Nililikumbuka miaka mingi baadaye, mwanangu wa kwanza alipougua akakataa kila kitu, nami nikawa nazunguka nyumba nzima na kijiko cha uji, nikitafuta kinywa chochote cha kukipokea. Bi Tatu alisema kweli, na Karani aliishi hata mimi nikaolewa. Lakini tonge zile zilikuwa za Shomari. Mama alikuwa amebakiwa na njia hiyo moja ya kumlisha mwanawe, nami nikamfungia. Nilipoyaelewa hayo nilitamani nimwombe radhi, na mama alikuwa ameshatangulia.