Taa Imezima, Umeme Upo

Kwaa! Koleo la fundi mkuu lilianguka kwenye sakafu ya saruji, na mwenyewe akalifuata. Alikuwa ameshika waya wa taa iliyozimwa. Hakuamka tena. Bi Testa, wakati ule mwanafunzi wake, leo ana miaka ishirini na minane katika ufundi umeme, na sauti ile haijamtoka masikioni.

Jina alipewa kwa sababu ya testa, bisibisi yake yenye kitaa cha kupimia umeme. Hata msibani aliwahi kupima soketi, waombolezaji wakamtumbulia macho.

Asubuhi hii yuko kwenye saluni mpya ya mdogo wake. Shemeji yake, seremala, amefunga taa mwenyewe na kifua kimemvimba. Mdogo mtu yuko juu ya stuli ya chuma, pekupeku, na kitambaa kibichi mkononi. Amekwishafuta dari. Imebaki holda ya taa, tupu, balbu bado iko mezani.

Bi Testa akafungua kifuniko cha swichi, akagusisha bisibisi. Kitaa hakikuwaka.

"Umeona, shem? Hakuna umeme," seremala akasema.

"Ndiyo balaa lenyewe! Hapa ndipo ulipaswa kuwepo. Umeme unakuja kwa waya mmoja, unapita kwenye taa, unarudi kwa mwingine. Ukikata popote, taa inazima. Sasa wewe swichi umeiweka kwenye njia ya kurudi. Ule wa kuja umeuacha huko juu kwenye holda, unasubiri mtu wa kumpitia!"

"Taa ikizima imezima. Mbona mimi sijawahi kukufundisha kupiga randa?"

"Jamani, huyu mtu! Zima swichi kuu!"

"Iko chumbani kwa mwenye nyumba. Kafunga, katoka."

"Dada, umeanza," mdogo mtu akasema kutoka juu, bila kugeuka. "Hata harusini kwangu ulipigia watu kelele kwa ajili ya waya. Niache nimalize."

"Shuka! Sikio la kufa wewe? Shuka!"

Kadiri alivyofoka, ndivyo mdogo wake alivyokaza shingo. Kitambaa kikainuka kuelekea holda, kinachuruzika maji. Kumvuta ni kumwangusha, na kumgusa akishanaswa na umeme ni kwenda naye.

Bi Testa akaiweka bisibisi chini.

"Shuka, mdogo wangu," akasema, kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Nakuomba."