Dagaa Juu ya Giaboksi

Rhobi Mugeta, au Mama Gloria kwa waliomzoea, huzungumza lugha tatu kwa siku: Kikurya na mama yake kwenye simu, Kijita na wateja wa ziwani, na Kiswahili akiwa chini ya gari. Ana miaka arobaini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akilala chali Buhare, pembezoni mwa Musoma, kwenye gereji anayochangia na fundi mwenzake, Jofrey.

Jumanne moja asubuhi aliingia Leodgar, mchuuzi wa dagaa wa Mugango, pikapu yake ikisaga gia tangu barabarani. Alishuka bila salamu.

"Mama Gloria, umeniua. Gia ya tatu haiingii. Jana nimetoka Bunda na gia ya pili, kama nasindikiza maiti."

"Marahaba," alijibu Rhobi.

Leodgar hakucheka. "Ile oili ulinitilia mwezi wa pili ilikuwa imechakachuliwa. Na mwaloni nimeshawaambia wote."

Hapo Rhobi aliweka spana chini. Nusu ya magari anayotengeneza hutoka kwenye mwalo wa Mugango, mitumbwi inakoshusha dagaa, na hakuna hata moja lililoletwa na bango. Yaliletwa na maneno ya mtu kwa mwenzake, na maneno yayo hayo yangeyaondoa.

"Mwambie anunue giaboksi nyingine," Jofrey alidakia kutoka upande wake wa uwanja. "Ninayo moja nzima. Mambo ya giaboksi na akina mama, wapi na wapi!"

"Wewe funga mdomo, inzi wataingia," alisema Rhobi, akavuta jeki.

Aliinua gari pande zote nne ili likae sawa, maana giaboksi iliyoinama hudanganya kipimo. Akajipenyeza chini na kuanza na nati ya juu, ya kujazia. Jofrey humtania kwa hilo kila siku, kwamba anaanza kula kwa kunawa mara mbili. Lakini mwaka wake wa kwanza wa kazi, Rhobi aliwahi kumwaga oili yote ya gari la mteja ndipo akagundua nati ya juu imeshika kutu na haifunguki. Gari lilikaa siku tatu bila tone, na mwenye gari alikaa juu ya tairi siku hizo tatu akimtazama. Tangu hapo, haondoi asichoweza kurudisha.

Nati ilifunguka. Alitia kidole cha shahada tunduni, akakikunja kuelekea chini. Oili ilikuwepo, tena ilifika mdomoni mwa tundu. Alipokitoa kidole, kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Akafungua nati ya chini. Beseni likajaa chai hiyohiyo.

"Unaona?" Leodgar alipaza sauti. "Hiyo ni oili hiyo?"

"Ni oili na maji. Gari unaoshea wapi?"

"Naoshaga nyumbani. Kwa ndoo."

"Ziwani hujaingia?"

"Nikatafute nini ziwani na gari?"

Rhobi alirudi chini na tochi, akamulika upande wa juu wa giaboksi, penye kitundu kidogo ambacho giaboksi hupumulia ikipata moto. Kando yake palikuwa na mchanga mweupe, unyuzi wa magugu maji, na kitu kilichokauka, kirefu kama njiti ya kiberiti. Alikitoa akakiweka kwenye kiganja cha Leodgar.

Dagaa. Na jicho lake bado lipo.

"Kameanguka kutoka kwenye bodi," alisema Leodgar.

"Bodi iko nyuma, giaboksi iko chini ya kiti chako. Dagaa wako wanakaaga mbele na dereva?"

Jofrey aliangua kicheko, safari hii si kwa Rhobi. Leodgar alimgeuza samaki yule mara mbili, kisha akaketi kwenye tairi.

"Mitumbwi haifiki nchi kavu," alisema taratibu. "Ziwa limepungua pale. Tunarudisha gari kinyumenyume majini, tunapakia dagaa kutoka mtumbwini hadi kwenye bodi. Wote tunafanyaga hivyo."

"Umetoka Bunda, chuma kina moto. Ukikitumbukiza kwenye maji ya baridi kinavuta pumzi ndani kwa hicho kitundu. Kinakunywa ziwa."

Alifunga nati ya chini, akajaza oili mpya mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, akafunga, akashusha gari, akaenda na Leodgar hadi njia panda ya Butiama na kurudi ili giaboksi ikoge ndani. Akaimwaga, ilitoka na weupe kidogo. Akajaza tena, akapima kwa kidole, kikatoka safi. Mwisho akachomeka mpira mwembamba kwenye kitundu cha kupumulia na kuupandisha hadi karibu na kioo, maji yasikofika. Leodgar alipojaribu, gia ya tatu iliingia kimya. Alibaki ameushika mkono wa gia.

"Mwaloni nitasema nini sasa?"

"Sema nilichokuwekea kiganjani."

Alhamisi zilifika pikapu mbili kutoka Mugango, matairi yamejaa tope. Wenyewe walisalimia vizuri. Rhobi alichukua tochi na kulala chali, akaanza kutafuta samaki.