Kamba ya Baada ya Magharibi

Mimi siwezi kukaa kitako. Nilipokuwa mdogo kule Changamwe mama yangu alikuwa akiniuliza kila mara kama nimekalia siafu. Nikiketi mguu unacheza, nikisimama mkono unatafuta cha kushika. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye akaenda kuchagua kufuga nyoka, mnyama asiyetaka kabisa kuguswaguswa. Umpe maji, umpe chakula, umpe mahali pa kujificha, halafu utoke umwache. Hapo pa kumwacha ndipo paliponishinda.

Nyumba yetu iko Kiembeni, na nyoka wangu wako katika chumba kidogo kando ya jiko ambacho wenye nyumba waliotutangulia walikuwa wakiwekea makaa. Kibali ninacho, nimekibandika mlangoni, maana watu wa mtaani wakikosa la kusema husema nafuga majini. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja ya Shanzu. Yeye nyoka hawamsumbui, bora wasivuke kizingiti cha jiko.

Wengi niliokuwa nao ni wale nyoka wa kahawia wanaoingia majumbani kufuata panya, hao hawana shida. Kula wanakula, kuzaana wanazaana. Lakini roho yangu ilikuwa kwa wale wala mayai. Nyoka mla mayai hana meno ya kumuumiza mtu. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake yakalia kama mafuta yaliyopata moto, na ukimwona hivyo utaapa kuwa ni nyoka wa sumu kali. Uongo mtupu, hawezi kumtoboa hata mtoto. Chakula chake ni mayai ya ndege, na mimi nilikuwa nikiwapa ya kware. Humeza yai zima, akalivunja ndani ya koo, akameza ute, halafu akatema ganda limekunjwa vizuri. Nimewaona wakifanya hivyo mara nyingi na bado huacha chungu motoni nikaenda kutazama.

Nilichotaka ni kuwaangulisha. Mara mbili jike wangu alitaga, na mara mbili mayai yakaoza, moja moja, mpaka la mwisho. Wafugaji wenzangu waliniambia niwaache hao, nishike wale wa kahawia. Nikasema sawa, na nisiwaache. Msimu wa tatu jike akapata mayai tena, na safari hii nilijiapiza kuwa haya yakiharibika nayafunga mambo ya nyoka, nakipaka chumba chokaa, nakirudishia makaa yake.

Ndipo mama mkwe akaja. Alikuwa ametoka kwake Likoni kutibiwa macho, na matibabu yalitaka aende na kurudi, basi mume wangu akaona heri akae kwetu. Ni mtu wa maneno taratibu, mswalihina, anayekunja leso yake kwa pembe nne hata kama anaiweka kwa dakika mbili. Nilidhani ataona nyoka na kurudi kwake siku hiyo hiyo. Akawaona, akasema "Audhubillahi", akauliza wanakula nini, yakaisha.

Jioni ya kwanza, tukiwa tunakula, nikamuuliza, "Mama, hawa nyoka hawakutishi?"

Akaliweka chini tonge lake. "Mwanangu, jua limeshakuchwa. Hatumtaji."

"Mwasemaje basi?"

"Kamba. Ukimtaja usiku anasikia, na akisikia anakuja."

"Kwani mchana ni kiziwi?"

Akacheka mpaka akashika kifua. "Mchana ana shughuli zake."

Kwetu Changamwe nyoka alikuwa nyoka asubuhi na jioni, lakini desturi hiyo niliipenda, na sote nyumbani tukaishika. Mchana mama mkwe huniuliza, "Nyoka wako amekula?" Magharibi ikiadhiniwa, yule yule, katika sanduku lile lile, anakuwa, "Kamba yako imekula?" Ni mtu wa Kiswahili kilichonyooka, hachanganyi. Akisema kamba, basi kila kitu kinafuata kamba: kamba imelala, kamba imejikunja, kamba ina kiu. Mume wangu alikuwa akitutania kuwa tunafuga duka la vyombo.

Wakati huo tulikuwa na kamba nyingine, ya kuanikia nguo, imefungwa kutoka tangi la maji hadi mpapai. Ilikuwa kuukuu, imeoza kwa jua, na mvua zilipoanza ikawa inakatika kila nikianika. Shuka zangu zilikwenda matopeni, nikafua upya, zikaenda tena. Wiki nzima nilikuwa nalalamika juu ya kamba ile, mama mkwe ananisikia. "Kamba hii itanitoa roho" nilisema si mara moja.

Yule jike naye alikuwa amekaribia. Mayai yalionekana kwa nje, yamejipanga tumboni mwake. Alikuwa ameacha kula, anazunguka sanduku usiku na mchana akitafuta pa kutagia, anasukuma pembe hii, anasukuma ile. Nami nikawa kama yeye. Nilikuwa nikiingia, nafunua kifuniko, natazama, nafunika, natoka, narudi. Kulikuwa na nguo za kukunja sikuzikunja. Chai yangu ilikuwa ikipoa juu ya meza kila siku. Siku ile sijui kama kifuniko nilikibana vizuri au yeye alikisukuma kikaachia. Nimelifikiria hilo sana na sijapata jibu.

Adhana ya Magharibi ilikuwa imemalizika. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, simu nimeibana begani naongea na dada yangu, wali hauna tui bado na mume wangu yuko njiani. Mama mkwe akaita kutoka uani.

"Mwanangu, kamba yako iko chini huku, nyuma ya tangi."

Nguo nilikuwa nimeshazitoa. Nikasema moyoni, potelea mbali. "Ikateni tu, mama," nikamjibu.

"Ikatwe?"

"Ikatwe, itupwe. Nitatafuta nyingine."

"Wasema kweli, mwanangu?"

"Wallahi mama, imenichosha."

Nikarudi kwa dada yangu na maneno yetu. Nilisikia mama mkwe akimwita mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu wa bara, mlinzi kule Bamburi, ambaye hutusaidia kufyeka majani. Nilisikia panga likigonga saruji mara mbili, na sikuinua hata kichwa.

Halafu yule mpangaji akaja mlangoni. "Madam, nimeikata," akasema.

"Asante, ndugu yangu."

"Lakini ilikuwa na mayai."

Kifuu cha nazi kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimtazama yule bwana, nikatazama panga, na akili ikawa inakataa kuyaunganisha maneno yale mawili, kamba na mayai. Kisha nikakimbia, simu imeanguka, dada yangu anaita haloo, haloo, sakafuni.

Yule jike alikuwa nyuma ya tangi, amekatika karibu na shingo na tena katikati. Mama mkwe amesimama pembeni, leso ameibana mdomoni.

"Mama, umeniulia," nikasema.

"Si umesema mwenyewe ikatwe?"

"Nilisema kamba!"

"Na mimi nilikwambia kamba, mwanangu."

Hasira ikanizidi. Laiti angesema "yuko", neno hilo moja tu, ningeruka. Yule wa bara angemtaja kwa jina lake, ingawa naye angesema "nyoka iko", kama wasemavyo wao na sisi tukawacheka. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kukosea Kiswahili. Alisema "iko", kwa usahihi wote, na mimi nikamwelewa kwa usahihi wote.

Kulia sikulia hapo. Niliwasha tochi ya simu, nikaleta wembe mpya, nikampasua pole pole kuanzia pale panga lilipopita. Mayai mengine yalikuwa yamepasuka, yamechanganyika na damu. Lakini ya nyuma yalikuwa mazima, meupe, marefu marefu, ganda limeshakomaa. Nikayatoa moja moja bila kuyageuza, nikayatia alama ya penseli kwa juu ili nijue upande wake, nikayalaza ndani ya mkebe mweupe wa aiskrimu niliokuwa nimeuandaa, wenye makumbi ya nazi yaliyotwangwa na kuloweshwa kidogo. Kifuniko cha mkebe kilikuwa cha kuonyesha ndani. Nikauweka juu ya friji, ambako kuna joto la taratibu. Mikono yangu ilinuka nazi na damu, na mume wangu aliporudi alikuta hakuna wali.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hatukugombana, afadhali tungegombana. Asubuhi nampa shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, namwandalia chai, ananiambia ahsante, na baada ya hapo kila mtu na upande wake. Ndani yangu nilikuwa na neno baya sana, na usiku mmoja nikamwambia mume wangu. "Mamako alijua. Hakuwataka tangu mwanzo, akaona njia."

"Mama hata kuku hawezi kumchinja," akasema. "Mwenyewe uliapa Wallahi."

Nikageukia ukutani. Nilimchukia mume wangu, nikamchukia mamake, na kisha nikajiona mtu mdogo kabisa, maana nilikuwa naizungusha lawama mle chumbani na kila ikizunguka inarudi kwa neno tu, na neno hulipigi kofi.

Mama mkwe naye alibadilika. Mchana alizungumza kidogo, ila Magharibi ikiadhiniwa alikuwa anafunga mdomo kabisa. Anaswali, anashika tasbihi yake, na hata akitaka maji anainuka mwenyewe. Kamba hakuisema tena. Uani mume wangu alifunga waya mpya wa nguo, na sote tukauita waya. Matibabu ya macho yaliisha, akaambiwa anaweza kurudi kwake, lakini kila akiulizwa alisema anangoja mvua ipungue. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani, mchanga wa uani umekauka.

Mayai yakaanza kuharibika. La kwanza likageuka manjano, la pili likaota ukungu, nikalitoa kwa kijiko. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeshachoka, nakwenda kwanza kwenye friji hata uso sijanawa. Nilikuwa nafunua, nagusa makumbi kwa kidole, nahofia ni makavu, naongeza tone la maji, nahofia ni mengi, nafunua tena. Likaharibika jingine, na jingine. Mwisho likabaki moja.

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia mchana mmoja, "hilo si chungu cha maharage. Usilifunuefunue." Akachukua kigoda chake, akakiweka kando ya friji, akaketi na tasbihi yake. Tangu siku hiyo nikitaka kufunua mkebe sharti nimwombe anipishe, na mimi nilikuwa naona haya kumwomba. Basi nikawa nazunguka nje tu. Nilifagia ua uliofagiwa. Niliosha masanduku ya wale nyoka wa kahawia mpaka wenyewe wakanichoka. Nilikuwa nikipita jikoni namwona amekaa, shingo ameiinua, anautazama mkebe kwa macho yake yaliyotoka kutibiwa, nami sikujua kama ananilindia yai au analilinda nisiliue kwa pupa yangu. Hasira ilikuwa bado ipo. Haikuwa na nguvu ile ya kwanza, ila ilikuwepo.

Jioni moja nilikuwa uani natoa nguo kwenye waya. Muadhini alikuwa amemaliza, kiza kinaingia, mbu wameanza. Mama mkwe alikuwa ameswali hapo hapo jikoni, kando ya kigoda chake. Nikamsikia.

"Mwanangu."

Nilishtuka, kwa kuwa saa hizo hakuwa akisema na mtu. "Abee, mama."

Nikadhani ni maji anataka. Nikaanza kushusha shuka.

"Nyoka," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Wasemaje, mama?"

"Nyoka." Sasa alipaza sauti, kila mtu wa nyumba za jirani angeweza kumsikia. "Nyoka wako ametoboa yai. Ametoa kichwa, namwona kwa macho yangu. Njoo, nyoka anatoka."

Niliiacha shuka ikaanguka mchangani. Nilipofika jikoni alikuwa amesimama mbele ya friji, amejifunga leso kiunoni, mkono mmoja kifuani anasoma aya chini chini. Ndani ya mkebe, kupitia kifuniko, palikuwa na yai lenye mpasuko, na kwenye mpasuko kichwa kidogo, chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, kinatoa ulimi na kuurudisha. Nikalia pale, kwa yule jike na kwa huyu, mbele ya mama mkwe, bila kujificha.

"Nimemtaja kwa jina lake," akaniambia, "usije ukakosea." Nikamshika mkono.

Tukasimama hivyo mpaka shingo nayo ikatoka. Kisha akageuka akatazama dirisha la jikoni, lililokuwa wazi kwa ajili ya joto.

"Haya, sasa kafunge madirisha," akasema. "Wenzake wamesikia."

Nikaenda nikayafunga yote, hata la chooni.