Mifarishi ya Shangazi Zuhura

Bafta mpya ikipigwa pasi ya mkaa hutoa harufu ya wanga uliokaribia kuungua, harufu kavu inayokwaruza koo. Utotoni mwangu harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha. Nilikuwa nikijua kabla ya kufumbua macho kwamba Shangazi Zuhura amekwisha swali, amekwisha pepea makaa yake, na sasa amekaa barazani akinyoosha kazi ya jana kabla mwenyewe hajaijia. Buguruni ya siku zile ilikuwa nje ya mji hasa. Nyumba zetu za udongo na makuti zilikaa mbalimbali katikati ya minazi na vishamba vya muhogo, na masika yakianza vijia viligeuka mito ya tope jekundu. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, marekani na bafta zimeanza kurudi madukani, na watu waliovaa viraka kwa miaka walitaka nguo mpya. Kwa hiyo baraza letu halikukosa mtu.

Shangazi alikuwa dada yake baba, mkubwa wake. Aliolewa Lindi, akakaa na mume bila kupata mtoto, kisha akaachwa. Alikuja kwetu na sanduku la bati pamoja na cherehani ya mkono, akapewa chumba cha uani. Mama yangu hakumfurahia. Mawifi wale walikuwa wakipitana mlangoni kama watu wasiofahamiana, na neno dogo tu la chumvi kuzidi kwenye mchuzi lingeweza kuwanunisha wiki nzima. Baba, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, alirudi jioni amechoka na akajifanya haoni. Mimi, mtoto wa pekee, nilikuwa wa wote wawili, lakini mchana nilikuwa wa shangazi.

Asubuhi alishona nguo za watu: magauni, kanzu, kaptula za wanafunzi. Hiyo aliita kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilianza alasiri, alipomwaga mkekani kikapu cha vipande vilivyobaki na kuanza kuvipanga apate mfarishi, yaani shuka zito la kujifunikia, juu viraka, chini marekani, katikati sufi iliyochambuliwa ikatandazwa. Hakuwa na haraka hata kidogo. Aliweka kipande cha kaniki karibu na cha khanga, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akakiondoa. Mara nyingine alivipanga siku nzima asishone hata mshono mmoja. Nikimuuliza anangoja nini, alijibu, "Nangoja vikubaliane." Mifano yake aliitoa popote: tope lililopasuka jua lilipotoka, mistari ya nazi ikikunwa, kivuli cha makuti ukutani. Na kila kipande alikijua kimetoka kwa nani. Hiki cha kanzu ya maalimu, hiki cha gauni la mke wa karani wa kutoka bara, hiki cha suruali ya mchonga vinyago wa Kimakonde aliyekaa nyuma yetu. Alikuwa akicheka na kusema kwamba Buguruni nzima inalala imefunikana, wenyewe hawajui.

Masika ya mwaka mmoja jirani yetu Mama Sharifa alikuja kuagiza mfarishi wa harusi ya bintiye. Aliutaka mweupe, na mwekundu kidogo. Shangazi aliufikiria siku nyingi, kisha akaanza kuunda Buguruni yenyewe: viraka vyeupe ndizo nyumba, ukanda mwembamba mwekundu ndizo njia, zikipinda, zikikutana, zikiachana. Sijapata kumwona mtu akifurahia kazi namna ile. Alinionyesha nyumba yetu, kipande kidogo pembeni, akanong'ona, "Na mama yako yumo humo ndani, amenuna." Nilicheka hata mama akachungulia dirishani kujua kuna nini.

Alasiri moja ya mvua nyepesi nilikuwa nimekaa karibu naye nikimtungia nyuzi. Niliona doa jekundu juu ya kiraka cheupe, mahali pasipopaswa kuwa na wekundu. Kisha doa jingine.

"Shangazi, unatoka damu."

"Wapi?"

Aliuliza huku akiendelea kushona. Nilimwonyesha. Sindano ilikuwa imepenya ncha ya kidole chake cha shahada, imetokea upande wa pili, naye alikuwa akiivuta pamoja na uzi. Aliiangalia kama mtu anayetazama kidole cha mwenzake. Aliichomoa taratibu, akaifuta, kisha mbele ya macho yangu akaichoma tena, kwa makusudi, kwenye kidole cha pili. Hakukunja uso. Akajaribu cha tatu. Mwishowe alikunja mfarishi, akaniambia, "Nenda kamwite mama yako." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita mama.

Walikaa chumbani wawili, mlango umefungwa. Baadaye nilijua kwamba alimfunulia mkono hadi begani, akamwonyesha baka jeupe alilokuwa amelificha kwa mikono mirefu ya gauni tangu Lindi. Asubuhi yake mama ndiye aliyempeleka zahanati. Dresa, mfunga vidonda wa pale, alimpapasa baka kwa unyoya wa kuku, akamwambia afumbe macho aseme anapoguswa. Hakusema kitu. Watu wetu hawakupenda kulitaja jina la ukoma. Walisema ugonjwa mkubwa. Lakini jambo lisilotajwa ndilo linalokimbia kuliko yote, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa unajua.

Kuanzia hapo baraza likanyamaza. Mama Sharifa hakuufuata mfarishi wake. Alisimama mbali, penye mpaka wa muhogo, akapaza sauti, "Bi Zuhura, pole sana, lakini kile kitu usikilete kwangu!" Kisha watu wakaanza kutoa walivyoshonewa naye. Waliibeba mifarishi kwa vijiti, wakairundika kwenye uwanja uliokuwa wazi mbele ya kisima, wakaimwagia mafuta ya taa. Sufi haiwaki ikaisha, inafukuta. Moshi wake mzito, mchungu, ulikaa juu ya paa zetu siku kadhaa, mvua ikiuzima moto na watu wakiuwasha tena. Shangazi alikaa mlangoni kwake akitazama. Alikuwa akiutambua kila mmoja unapotupwa. Niliwahi kumsikia akisema polepole, si kwangu wala kwa mtu, "Ule ulinichukua kiangazi kizima."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nimeifikiria sana methali ile. Baba, aliyezaliwa naye tumbo moja, ndiye aliyemtengea sahani na kikombe, akaviweka juu ya jiwe nje ya uani. Alikuwa mtu mwema baba yangu, lakini hofu ilimshika, na bandarini wenzake walikuwa wameanza kukataa kushika naye kamba moja. Bwana afya alipokuja na kusema kwamba wagonjwa hupelekwa kambini kwao, mbali, safari ya lori, baba aliitika upesi kuliko ilivyopasa. Shangazi aliisikia ile haraka. Aliinamisha kichwa tu.

Jioni ya mwisho mama alipika wali wa nazi na samaki. Alipakua kwenye sinia moja, akapita mbele ya baba, akaenda uani, akatandika mkeka na kukaa mkabala na wifi yake.

"Mama Somoe, usifanye hivi," shangazi alisema, akimwita kwa jina langu. "Una mtoto."

"Kula, wifi. Wali utapoa."

Wakala mkono na mkono. Mimi nilisimama kizingitini. Baba alibaki ndani ameshika kichwa. Asubuhi lori lilipofika baba alisema cherehani ibaki, kwamba kule haitamfaa shangazi kitu. Mama hakubishana naye. Aliinyanyua mwenyewe, mwanamke mwembamba yule, akaivusha kwenye tope mpaka garini, akaiweka miguuni mwa shangazi. Sikuruhusiwa kumkumbatia. Aliniambia tu nisome, na nisishone nikiwa na hasira, maana mshono hukumbuka. Lori likaondoka.

Habari zake tulizipata kwa vinywa vya watu. Mtu mmoja aliyetoka huko alituambia kwamba anashona bado. Vidole vimejikunja, anazungusha gurudumu kwa kiwiko na kuvuta uzi kwa meno, na karibu kila kitanda kina mfarishi wake. Miaka ikapita. Dawa mpya ikafika kambini, ugonjwa ukasimama, lakini vidole havikurudi. Akatuma salamu kwamba ameruhusiwa, anaweza kuja nyumbani. Baba alijibu asubiri masika yapite. Masika yakapita, na vuli pia. Alipomtuma mtu hatimaye kumchukua, mtu yule alirudi peke yake na maneno haya: "Mwambieni ndugu yangu nimeshazoea huku." Akafa huko, akazikwa na wenzake. Baba hakumtaja tena, ila alipozeeka alikuwa akikaa muda mrefu kwenye chumba cha uani, mlango wazi, hafanyi kitu.

Mimi sasa ni bibi kizee, na Buguruni imejaa mabati, soko na honi hata huoni palipokuwa na muhogo. Mtaani kwetu yupo kijana fundi cherehani. Mwaka jana alitokewa na baka mkononi, akaenda zahanati, akapewa vidonge vya kumeza nyumbani bila kulipa chochote, akaambiwa aendelee na kazi. Alinisimulia hayo huku akikata kitambaa cha mteja, kama mtu anayesimulia mafua. Wateja wamekaa kwenye benchi lake wakingoja zamu, hakuna aliyesogea. Nilirudi nyumbani nikachukua kitenge nilichokuwa nimepewa, nikampelekea anishonee gauni ambalo sikulihitaji. Alinisimamisha, akanipima mabega kwa mikono yake miwili, kisha kifua, kisha urefu wa mkono. Machozi yakanitoka mbele za watu. Akasita, akalegeza futi ya kupimia.

"Samahani, bibi. Nimekubana?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Pima tu."