Nani Alimfuata Nani

Mke wangu alipopata kazi ya kufundisha wauguzi Mwanza, mimi nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala moja kule Pickering. Tulikuwa tunaishi Weston, jijini Toronto, kwenye ghorofa ambalo treni ya uwanja wa ndege ikipita vikombe vinagongana kabatini, na mabinti zetu mapacha walikuwa ndiyo kwanza wanatambaa. Yeye alikuwa raia wa Kanada tangu kabla hatujaoana. Mimi nilikuwa mkaazi wa kudumu, mwenye kadi niliyokuwa nikiwaonyesha wageni hata wasipoiomba. Mkataba wake ulikuwa wa miaka minne, na nyumba ya kuishi juu yake. Mwanza ni kwetu mimi. Yeye ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Mtu mwingine yeyote angesema tu, "Mke wangu kapata kazi nyumbani, tunakwenda." Mimi nilishindwa.

Nilishindwa kwa sababu ya kaka yangu. Tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wetu. Ni mtu mwema, mzee wa kanisa, na anaamini kwamba kuna mambo mwanaume hafanyi. Hapiki mbele za wageni. Hakai kiti cha nyuma gari likiendeshwa na mwanamke. Na zaidi ya yote, hamfuati mke. Mke ndiye anayefuata. Basi nikampigia simu.

"Kaka, narudi nyumbani kuwekeza."

"Mungu ni mwema! Kuwekeza nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Jicho likaangukia mapaja ya kuku yaliyokuwa yakiyeyuka barafu kwenye sinki.

"Kuku," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mmoja kiunoni. Alingoja nikate simu.

"Kwa hiyo, Baba Mapacha, mimi ndiye ninayekufuata?"

"Ni maneno tu."

"Sawa. Mradi ukumbuke kubeba masanduku."

Tulifika Mwanza, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema kuku, ikabidi kuwe na kuku. Nilinunua vifaranga kwa mshahara wa mke wangu. Nikachonga mhuri, nikachapisha kadi za biashara zenye jina langu na chini yake "Mkurugenzi Mtendaji." Ofisi ilikuwa stoo ya pumba yenye kiti kimoja. Kabla kuku hawajaanza kutaga, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita bandani na kuondoka na wote, pamoja na jogoo wa jirani ambaye hakuwa hata na hisa kwenye kampuni. Nikabaki na mhuri.

Lakini kaka hakuacha kuniita mwekezaji. Kwenye harusi na vikao vya ukoo alinisimamisha mbele za watu. "Huyu ndiye mdogo wangu aliyerudi kutoka Ulaya kujenga nchi," alikuwa akisema, maana kwake nchi yoyote yenye theluji ni Ulaya. "Na shemeji yetu, tazameni, aliacha kazi nzuri akamfuata mumewe!" Watu walipiga makofi. Mke wangu naye alipiga, tena kwa nguvu. Kesho yake aliamka alfajiri kwenda chuoni, na mwekezaji akawapeleka mapacha chekechea, akapita sokoni kuchagua dagaa, akarudi kumsubiri fundi wa bomba.

Mkataba ulipoisha tukafunga mizigo. Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa imebakiza muda mdogo sana, nami sikuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi unahitaji mtu awe amesoma masharti.

Uwanja wa ndege wa Toronto, mke wangu na mapacha walipita na pasipoti zao wakaenda kungoja mizigo. Mimi mashine ilinitemea karatasi yenye alama kubwa, nikapelekwa chumba cha pembeni kwa ofisa mmoja kijana, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi.

"Umekuwa nje muda gani?"

"Miaka minne na kidogo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mtu mwenye akili angejibu: nilikuwa na mke wangu, ni raia, yuko pale nje anahangaika na masanduku. Lakini mimi nilikuwa nimeuimba wimbo ule miaka minne, ukawa unatoka wenyewe. Nikanyoosha tai.

"Nilirudi nyumbani kuendesha kampuni yangu."

"Na mkeo?"

"Alinifuata."

Nikatoa na kadi ya biashara. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mbele na nyuma, akaibana kwenye jalada. Hakuna mtu aliyewahi kuithamini kadi yangu namna ile. Nilipotoka kwenye chumba hicho nilikuwa na barua inayosema nimekosa masharti ya ukaazi na ninatakiwa kuondoka nchini, isipokuwa nikikata rufaa nikashinda.

Mapacha walikuwa wamelala juu ya masanduku. Mke wangu aliisoma barua mara mbili.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia… ulinifuata."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akawatazama watoto, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mapacha, wanaweza kukurudisha kweli."

Tulirudi Weston, jengo lile lile, ghorofa nyingine. Punde kadi yangu ikaisha muda, na kadi mpya ya miaka mitano huwezi kupewa huku rufaa haijaamuliwa. Kanisani kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja aliniambia ninyamaze tu, serikali itasahau. Mwingine, Mkongo mwenye roho nzuri, aliniombea kwa kupaza sauti kiasi kwamba hata wale ambao hawakuwa na habari wakawa nazo. Nilikuwa nikienda kazini na kurudi nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku, mimi ambaye kuku wangu walikuwa wamekufa kifo cha halali.

Wakili tuliyempata ana ofisi North York. Wazazi wake ni Wahindi wa Dar es Salaam, na Kiswahili alichorithi kwao ni kile cha madukani, cha haraka na kisichopamba neno.

"Sasa bwana, sikiliza," alisema. "Mkaazi wa kudumu anatakiwa awe humu nchini angalau miaka miwili katika kila mitano. Wewe hukuwepo. Lakini ukiwa nje umeambatana na mwenzi wako aliye raia, muda huo unahesabiwa kama ulikuwa hapa. Umeelewa? Neno ni kuambatana. Wanapenda kuuliza: nani alimfuata nani?"

Mke wangu alitazama dirishani.

"Yeye alikufuata, au wewe ulimfuata?"

"Mimi nilimfuata," nikasema.

"Sijasikia, bwana."

"Nilimfuata!"

"Basi hayo ndiyo ungemwambia ofisa."

Mkataba wa mke wangu ulikuwepo, na hati za nyumba ya chuo. Wakili akataka pia shahidi aliyetuona tukiishi Mwanza, naye angeweza kuzungumza kwa video. Shahidi gani mwingine kama si kaka? Nikampigia. Nilikuwa nimepanga kumweleza kila kitu, na maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Kaka akaitika kwa furaha, "Mwekezaji!" na mazoezi yote yakayeyuka. Nikamwambia tu kwamba kuna tatizo dogo la karatasi, aeleze tulivyoishi kwa amani.

"Hilo niachie mimi," alisema. Niliyaogopa maneno hayo tangu siku hiyo.

Rufaa ilisikilizwa kwa video, sisi tukiwa ofisini kwa wakili. Kwenye kioo kulikuwa na mwenyekiti, ambaye alikuwa mama mwenye mvi, pamoja na mwakilishi wa serikali na mkalimani. Nilitoa ushahidi kwanza, na nilipofika kwenye swali lenyewe nikalizungukazunguka. Nilisema tulikwenda pamoja, tuliamua kwa pamoja, mambo ya pamoja. Mwakilishi akaandika kitu na kutabasamu.

Kisha akaitwa mke wangu. Yeye hakuzunguka.

"Kazi ilikuwa yangu," alisema. "Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi nchini Tanzania. Tulikuwa hatutoki bila kibali. Kurudi kule kuliniogopesha, hata nikiwa na pasipoti ya Kanada mkobani. Usiku wa kwanza Mwanza niliamka nikidhani naitwa kuhesabiwa. Peke yangu nisingekwenda. Yeye alikuja nami."

Nilimtazama. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniambia jambo hilo, au labda alianza kuniambia siku fulani, nami nilikuwa nikipanga mahali pa kutundika kibao cha kampuni.

Akaja kaka. Alikuwa amevaa suti yake ya Pasaka, na ukutani nyuma yake picha ya baba imenyooshwa vizuri.

"Kwa nini ndugu yako alirudi Tanzania?" mwakilishi akauliza.

"Mdogo wangu alirudi kuwekeza. Alikuwa na mradi mkubwa sana wa kuku."

Mkalimani akatafsiri "mkubwa sana" bila huruma.

"Na mkewe?"

"Shemeji yangu ni mwanamke mwenye adabu. Alimfuata mumewe."

"Una hakika si mume aliyemfuata mke?"

Kaka akacheka kwa heshima. "Mheshimiwa, katika ukoo wetu mwanaume hamfuati mwanamke. Mdogo wangu hawezi kufanya jambo kama hilo. Namjua toka utotoni."

Alikuwa ananitetea kwa moyo wake wote. Wakili akaniinamia sikioni. "Bwana, ndugu yako anakupakia kwenye ndege."

Mwenyekiti alimshukuru kaka na kumwambia anaweza kuondoka. Kaka naye akamshukuru, akawashukuru wote, akaiombea Kanada baraka, na akabaki pale pale kwenye kioo. Hakujua abonyeze wapi. Wakili, kabla mtu hajamsaidia, akaomba niulizwe tena maswali machache. Mwenyekiti akakubali, na mimi nikajikuta nimekaa mbele ya serikali, mke wangu, na kaka yangu mkubwa, wote kwenye meza moja kwa namna ya kusema.

"Nani alikuwa na kazi?"

"Mke wangu."

"Nyumba ilikuwa ya nani?"

"Alipewa yeye, na chuo."

"Na kampuni yako?"

"Haikuwa kampuni. Walikuwa vifaranga. Walinunuliwa kwa mshahara wa mke wangu, na wakafa."

"Baada ya hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalea watoto. Napika. Namsubiri arudi kazini."

"Sasa kwa nini ulimwambia ofisa vingine?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia kaka. Nilimfuata mke wangu. Alipata kazi, nikamfuata."

"Yesu wangu," ikasikika sauti kutoka Mwanza, na mkalimani, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akalitafsiri na hilo.

Mwenyekiti aliinamisha uso kwenye karatasi zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji kusomwa. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Uamuzi ulikuja baadaye, umeandikwa kwa lugha kavu: mrufani aliambatana na mke wake ambaye ni raia, mke alikwenda kwa ajili ya ajira yake, ushahidi wa kaka ulikuwa wa dhati lakini haukuakisi hali halisi. Rufaa imekubaliwa. Mke wangu aliusoma kwa sauti jikoni, na alipofika kwenye "aliambatana na mke wake" alirudia, akarudia tena, mapacha wakaanza kuitikia kama kiitikio cha kwaya, kwa Kiingereza chao. Nami nilikuwa nalia, kwa hiyo sikuweza kuwakataza.

Kaka hakupiga simu. Wiki zikapita, kadi mpya ikaja, bado kimya. Mimi nilikuwa nampigia, haipokelewi. Mke wangu akasema nimwache, mtu akipoteza mwekezaji anahitaji muda wa matanga.

Jumamosi moja mke wangu akiwa zamu hospitalini, nilikuwa nimekaa sakafuni na pacha mmoja katikati ya magoti, chanuo mdomoni, simu ikaita. Kaka, kwa video. Nilipokea kwa kidole kimoja kilichojaa mafuta ya nywele.

Tulisalimiana. Aliuliza habari za shemeji, nikamwambia yuko kazini.

"Ungeniambia mapema," akasema hatimaye. "Ningejua la kusema. Umenifanya muongo mbele ya serikali ya watu, na suti nimevaa."

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshasamehe." Akasogeza uso karibu na simu. "Hapo unafanya nini?"

Hapakuwa na pa kujificha. "Namsuka mtoto."

Akakodoa macho kwenye kioo, akatazama vidole vyangu.

"Unavuta sana mbele," akasema. "Utamtoa nywele za kwenye paji. Anzia nyuma, legeza mkono, ukifika mbele ndiyo uchukue kidogo kidogo."

Nikaacha kusuka, nikamtazama. Ana mabinti wanne, wote wakubwa sasa, na mkewe alikuwa akisafiri sana kwa biashara ya vitenge walipokuwa wadogo. Hilo tulilijua wote katika ukoo. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyekuwa akiwasuka.

"Kaka," nikaanza.

"Huko baridi imeanza?" akauliza.