Ndugu wa Mkandarasi

Enzi ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kila mwenye lori na mashine ya zege Mwanza alijiita mkandarasi. Mimi nilikuwa afisa kazi, ofisi yetu Nyamagana. Gari sikuwa nalo, lakini sheria nilikuwa nayo, na mdomo pia.

Siku moja jukwaa la mirunda, lile la kusimamia mafundi, lilianguka Nyakato, kwenye ghala lililokuwa likijengwa, na kibarua mmoja akavunjika mguu vibaya. Kesho yake nilimpitia hospitali, kisha nikaenda kwenye ujenzi. Mwajiri wake akijulikana, angetibiwa na kulipwa fidia. Asipojulikana, basi ameumia bure.

Mkandarasi alinipokea akitabasamu. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa alinizidi umri. "Hapa hakuna mwajiriwa hata mmoja. Hawa ni ndugu na majirani, wamekuja kunisaidia. Si unajua sisi Wasukuma tunavyoitana shambani?"

Vibarua waliinamisha vichwa. Sikuwalaumu; viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na wa kuchukua nafasi zao walikuwa tele pale nje.

"Marahaba," nikamjibu. "Basi nimefika pazuri. Leo nakula kwako."

Nikavuta tofali, nikaketi. Mimi pia ni Msukuma, nimekulia Kwimba, nimelima mashamba ya majirani tangu utotoni. Kwetu aliyeita watu ndiye anayewapikia, tena washibe, na pombe iwepo. Yule bwana aliikumbuka mila nusu, ile nusu isiyo na gharama. Nilitazama kila pembe ya kiwanja, sikuona moto wala sufuria. Nikakaa kwa raha zangu.

Mchana mama ntilie akaja na ndoo zake za ugali na dagaa. Vibarua wakapanga mstari, kila mmoja akiingiza mkono mfukoni mwake. Mkandarasi akatoka mbio.

"Wasilipe! Nalipa mimi, hawa ni wageni wangu!"

Mama ntilie akamtazama kana kwamba ana homa. "Wageni? Wewe hujawahi kumnunulia mtu hapa hata chai. Na jana tu umenikataza nisiwakopeshe, eti hujawalipa!"

Watu wakaangua kicheko, na hofu ikawatoka. Fundi mmoja wa makamo akaweka sahani chini, akanigeukia mimi. "Mama, andika. Mimi ni kibarua wake, na yule aliyevunjika mguu ni kibarua wake." Wengine wakafuata, midomo imejaa ugali.

Mkandarasi akaomba tuongee pembeni. Nilimwambia hapohapo panatosha. Akatia sahihi ripoti ya ajali niliyokuja nayo, kama mwajiri, wote wakimwangalia. Nilifurahi mno, sifichi.

Jioni nikarudi hospitali kumweleza mgonjwa kwamba atatibiwa na kulipwa. Nesi alinidokeza kuwa tangu asubuhi alikuwa anawabembeleza wamfungue plasta, arudi kubeba zege. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukutani, akalala usingizi.